Josiah Wedgwood, mtoto wa mwisho wa wafinyanzi wa Burslem

Watu mingi wanajua jina la Charles Darwin, yule mtaalamu Mwingereza aliyeandika juu ya namna viumbe vinabadilika. Wachache wanajua kama babu yake mzaa mama alikuwa mfinyanzi, mtoto wa mfinyanzi, mjukuu wa mfinyanzi, na kama alitembea na mguu wa mti kwa zaidi ya miaka 26. Huyo babu njo Josiah Wedgwood. Alizaliwa mwaka 1730 na akafa mwaka 1795. Mbele yake, jamaa yao ilifinyanga vyungu zaidi ya miaka mia moja, na inje ya eneo lao hakuna aliyewajua. Nyuma yake, jina lao lilikuwa kwenye meza za wafalme.

Alipata nini kwa wazee wake? Hesabu ya pesa ni fupi sana. Hesabu ya vitu vingine njo ndefu.

Akina Thomas wanne

Burslem ni mji mdogo wa wilaya ya Staffordshire, katikati ya Uingereza. Chini ya ardhi kulikuwa udongo wa kufinyanga, na karibu na udongo kulikuwa makaa ya mawe ya kuchomea. Mahali vitu hivyo viwili vinakutana, ufinyanzi unaota wenyewe. Zamani wakulima wa huko walikuwa wanafinyanga vyungu vya kubebea siagi sokoni, na tanuru lilikuwa hapo hapo kwenye kiwanja, karibu na zizi la ng'ombe.

Katika miaka ya 1600 mtu mmoja, Gilbert Wedgwood, alikuwa fundi mkubwa wa kazi ile. Alioa Margaret, binti wa jamaa ya Burslem iliyokuwa na mali, na hapo ukoo wao ukapata mashamba. Gilbert akazaa Thomas, mfinyanzi. Thomas akazaa Thomas, mfinyanzi. Huyo naye akazaa Thomas mwingine, mfinyanzi tena, na huyo wa tatu njo baba ya Josiah. Kiwanda chao kilikuwa karibu na uwanja wa kanisa. Wadogo wa jamaa, kila mmoja na uzao wake, nao walifungua viwanda vyao, mpaka Burslem ikajaa Wedgwood wafinyanzi.

Desturi ilikuwa wazi: kiwanda kinaenda kwa mtoto wa kwanza. Wengine wanajitafutia. Kwa watoto wote wa Thomas na bibi yake Mary Stringer, Josiah alikuwa wa mwisho kabisa. Baba alikufa mwaka 1739, Josiah akiwa bado na miaka tisa. Mtoto mkubwa, jina lake Thomas kama babu zake, akarithi kiwanda. Josiah aliandikiwa pauni 20, na hata hizo hazikulipwa kwa miaka mingi, kwa sababu kiwanda kilikuwa na madeni.

Akaacha masomo na kuingia kazini kwa kaka yake.

Ndui na goti

Nyuma ya miaka michache, ndui ilipiga Burslem. Josiah aliugua sana. Alipona, lakini ugonjwa uliingia katika goti la mguu wa kuume na haukutoka tena. Tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 1744 alifungwa kwa mkataba wa miaka mitano, ajifunze kazi chini ya kaka yake. Alikuwa na miaka 14.

Wakati ule mfinyanzi wa Staffordshire alitegemea mguu wake sawa na mkono wake: mguu unasukuma gurudumu, mkono unainua udongo. Kijana mwenye goti la kuuma hawezi kukaa siku nzima kwenye gurudumu la mguu. Jamaa nyingine ingesema huyu hana kazi hapa. Josiah alisogea upande mwingine wa kiwanda: kuchanganya udongo, kutengeneza vibumba, kujaribu rangi na maji ya kung'arisha vyombo mbele ya kuvichoma. Akaanza kujiuliza maswali ambayo wazee wake hawakuwa na nafasi ya kujiuliza, kwani wao walikuwa na miguu mizima na kazi iliwangoja.

Mkataba ulipoisha, aliendelea kidogo kwa kaka yake. Lakini Thomas hakumchukua kuwa mshirika wake. Kijana anayeharibu udongo na makaa kwa majaribio, kwa mwenye deni, ni hasara. Josiah akatoka. Mwaka 1754 aliingia ushirika na Thomas Whieldon, mfinyanzi aliyesifika kuliko wote wa eneo lile, na yeye alimwacha ajaribu.

Mwaka 1759 alianza kuandika kitabu cha majaribio. Kila mchanganyiko ulipewa namba, pamoja na kiasi cha kila kitu na matokeo yaliyotoka tanuruni. Na kwa kuogopa wezi wa siri, aliandika kwa alama ambazo mtu mwingine hawezi kusoma. Wazee wake waliweka ujuzi katika vidole, na mzee akifa, sehemu ya ujuzi inaenda naye kaburini. Huyu aliuweka kwenye karatasi.

Ndugu wa ukoo

Mwaka ule ule wa 1759 alijitegemea. Hakuwa na kiwanda, lakini alikuwa na ukoo. Ndugu wawili wa uzao mwingine wa Wedgwood, matajiri wa Burslem, walimpangisha nyumba na matanuru. Baadaye alihamia kiwanda kingine mjini pale pale. Huko aliweka kengele ya kuita watu kazini, kitu ambacho Burslem haikukizoea.

Mwaka 1762, akiwa njiani kwenda mji wa bandari wa Liverpool, goti liliumia tena na akabaki kitandani huko. Munganga aliyemtibu alimletea rafiki wa kumwongelesha, Thomas Bentley, mfanyabiashara aliyesoma, aliyejua lugha na aliyezunguka Ulaya. Urafiki ule uliisha Bentley alipokufa, mwaka 1780. Josiah alijua udongo, Bentley alijua wanunuzi. Mguu mbaya ulimletea mshirika mzuri.

Kisha ikaja ndoa. Sarah Wedgwood alikuwa binamu yake wa mbali, na baba yake, Richard, alitajirika kwa biashara ya jibini. Mzee hakufungua mlango mara moja. Aliuliza juu ya mali, juu ya mkataba, juu ya uhakika wa binti yake, na mazungumzo yale ya mahari yakavuta muda. Mwishowe walioana tarehe 25 mwezi wa kwanza 1764. Pesa za Sarah ziliingia katika kazi, na Sarah mwenyewe aliingia vilevile: alijifunza alama za siri za kitabu na alitoa maoni yake juu ya umbo la birika na vikombe, kwani njo yeye aliyejua mkono wa mama wa nyumba unashika nini.

Mwaka 1765 Malkia Charlotte aliagiza vyombo vya chai. Kazi ilitaka dhahabu juu ya udongo, ngumu, na wafinyanzi wengine hawakuitaka. Josiah aliipokea. Ilipopendeza, aliomba ruhusa ya kujiita mfinyanzi wa Malkia, na vile vyombo vyake vya rangi ya maziwa vikapewa jina la Malkia. Kuanzia hapo kila mtu mwenye pesa kidogo alitaka kula kwenye sahani kama ya ikulu. Bei ilikuwa juu, na watu walinunua vilevile.

Barabara inavunja vikombe

Wakaaji wa mahali ambapo barabara imekufa wataelewa haraka shida yake ya pili. Burslem haikuwa na mto wa kupitisha mashua wala barabara nzuri. Udongo mweupe ulitoka kusini, Devon na Cornwall, ukaja kwa bahari mpaka Liverpool, kisha kwa mto, kisha juu ya migongo ya farasi. Vyombo vilivyokamilika vilirudi njia ile ile. Wakati wa mvua farasi walizama matopeni, na vikombe vilivyopita tanuruni salama vilivunjika njiani. Faida yote ya fundi ilibaki kwenye mashimo ya barabara.

Josiah alianza na barabara: pamoja na wafinyanzi wenzake aliomba Bunge liruhusu zitengenezwe na kulipiwa ushuru. Kisha akaingia katika jambo kubwa zaidi, mfereji wa mashua wa kuunganisha mto Trent na mto Mersey. Aligombana na wapinzani, alikusanya saini, akachaguliwa kushika hazina ya kampuni ya mfereji bila mshahara. Bunge lilikubali mwaka 1766, na mwezi wa saba mwaka ule yeye mwenyewe alipiga jembe la kwanza. Kazi iliongozwa na fundi James Brindley, aliyekufa mbele ya kuiona imekamilika. Mfereji uliisha mwaka 1777, urefu wake karibu kilometa 150.

Hakufanya hivyo kwa huruma peke yake. Alishanunua kiwanja pale mfereji utakapopita, na hapo akajenga kiwanda kipya na kukiita Etruria, kwa jina la nchi ya zamani ya Italia iliyosifiwa kwa vyungu vyake.

Mguu unakatwa

Mbele ya kiwanda kufunguliwa, goti lilishindwa kabisa. Maumivu hayakumwacha hata usiku, na kazi ilimngoja. Akaamua mguu ukatwe. Tarehe 28 mwezi wa tano 1768 waganga walimkalisha nyumbani kwake na kuukata juu ya goti. Dawa ya kulaza mtu ilikuwa bado haijavumbuliwa, na watu wengi walikufa kwa kazi kama ile. Alikaa akifahamu kila kitu. Siku chache nyuma yake mtoto wake mdogo, Richard, alikufa. Josiah aliendelea, na kwa miaka yote iliyobaki alitembea juu ya mguu wa mti.

Tarehe 13 mwezi wa sita 1769 Etruria ilifunguliwa. Siku ile Josiah alikaa kwenye gurudumu, Bentley akalizungusha kwa mkono, na vyungu sita vya kwanza vikatoka. Mtu aliyeshindwa kusukuma gurudumu kwa mguu wake alifungua kiwanda chake namna hiyo, na rafiki akimzungushia.

Kengele, faini na njaa

Etruria haikufanana na kiwanja cha Gilbert. Zamani mfinyanzi mmoja aliweza kufuata chombo tangu udongo mpaka tanuru. Josiah aligawa kazi: huyu anachanganya, huyu anafinyanga, huyu anabandika mikono ya vikombe, huyu anapaka rangi. Wanawake waliajiriwa, wengi wao kwenye chumba cha rangi. Kengele iliita, saa za kuingia ziliandikwa, mwenye kuchelewa alikatwa pesa. Inasimuliwa kama alipopita na kuona chombo kibaya alikivunja kwa mguu wake wa mti.

Alijengea watumishi nyumba, na kulikuwa sanduku la kusaidia wagonjwa. Lakini kazi yenyewe ilikula watu. Unga wa jiwe gumu lililosagwa ili kufanya udongo kuwa mweupe uliingia mapafuni, na risasi iliyokuwa ndani ya maji ya kung'arisha iliwatia sumu waliochovya vyombo. Ufundi ule uliosifiwa Ulaya nzima ulilipwa pia kwa vifua vya watu wa Staffordshire.

Mwaka 1783 chakula kilipanda bei sana. Mashua yenye chakula ilipofika Etruria kwa ule mfereji na kutaka kuendelea mbali, watu wenye njaa waliikamata. Askari waliitwa, na mtu mmoja akanyongwa. Josiah hakusimama upande wa wale watu. Aliandika kijitabu kwa vijana wa eneo lile, akawakumbusha wazazi wao waliishi maskini kuliko wao na kwamba vurugu haileti mkate. Njia aliyoipigania ilileta kazi, na ile ile ilipitisha chakula mbele ya macho ya wenye njaa. Kwa wakaaji wengine wa Burslem, hilo nalo ni sehemu ya jina la Wedgwood.

Kipande cha udongo dhidi ya utumwa

Wakati huo vyombo vyake vilikuwa vinaenda mbali. Kwa Catherine, malkia wa Urusi, alimaliza mwaka 1774 seti ya vyombo 952, vyote vimechorwa picha za Uingereza, na kwenye kila kimoja kuna chura mdogo, kwani ikulu yenyewe ilikuwa mahali palipoitwa kwa jina la vyura. Alivumbua pia udongo wa rangi ya buluu wenye picha nyeupe zilizobandikwa, nyuma ya majaribio maelfu. Mwaka 1783 aliingia katika chama kikubwa cha wataalamu wa London kwa sababu ya kifaa chake cha kupima moto mkali wa tanuru. Mtoto aliyeacha masomo na miaka tisa akakaa kati ya wasomi.

Mwezi wa tano 1787, London, watu walianzisha chama cha kupinga biashara ya watumwa. Josiah akaingia katika kamati yake. Mchango wake ulitoka tanuruni: kipande kidogo cha udongo, picha ya Mwafrika mweusi aliyepiga magoti katika minyororo, na maneno ya kuuliza kama naye si mtu, si ndugu. Fundi wake William Hackwood njo aliyechonga umbo. Josiah aligawa vipande vile bure, na mwaka 1788 alituma vingine kwa Benjamin Franklin kule Philadelphia. Watu walivivaa kama pete na vifungo, wanawake wakavitia kwenye bangili na nywele. Mambo ya bungeni yakaingia sebuleni.

Leo wengine wanaiuliza ile picha: kwa nini Mwafrika amepiga magoti, kama vile uhuru ni sadaka ya kuombwa? Swali ni la haki. Na kuna lingine. Vyombo vya chai vilitaka sukari, na sukari ya Uingereza ililimwa na watumwa. Liverpool, bandari ya vyombo vyake, ilikuwa bandari kubwa ya meli za watumwa. Josiah alitajirika ndani ya biashara ile ile ambayo watu wake wa kununua waliifaidi. Hata hivyo alisimama kuipinga kwa jina lake na kwa mali yake, na wafanyabiashara wengi wa kiasi chake walinyamaza. Sheria ya kukataza biashara ya watumwa ilipita mwaka 1807, miaka 12 nyuma ya kifo chake.

Watoto wasiotaka udongo

Alikufa tarehe 3 mwezi wa kwanza 1795 nyumbani kwake Etruria. Yeye aliyeandikiwa pauni 20 aliacha mali kubwa kuliko yote ambayo ukoo wao uliwahi kuona.

Lakini wanawe hawakuwa watu wa tanuru. Alishawafanya washirika, na bado walipenda mashamba na maisha ya wakubwa. Tom, aliyekuwa mgonjwa mara kwa mara na aliyekufa mwaka 1805, alipenda utaalamu: alijaribu kushika picha kwa mwanga juu ya ngozi na karatasi zilizopakwa dawa ya fedha. Picha zilitokea, ila hakupata njia ya kuzizuia zisifutike. Maelezo ya kazi yake yalitolewa mwaka 1802, miaka mingi mbele ya watu kujua kupiga foto. Josiah wa pili alishika kiwanda.

Binti wa kwanza, Susannah, aliolewa mwaka 1796 na munganga Robert Darwin, mtoto wa Erasmus Darwin, rafiki mkubwa wa baba yake. Mwaka 1809 akamzaa Charles. Mwaka 1831 Charles alipoitwa kusafiri dunia nzima kwa meli ya Beagle, baba yake alikataa. Mjomba wake, Josiah wa pili, njo aliyeenda kumwongelesha, na baba akakubali. Mali ya jamaa zote mbili ilimwezesha Charles kufikiri maisha yake yote bila kutafuta mshahara.

Mwaka 1839 Charles alioa Emma, binti wa mjomba yule yule. Ukoo ulikuwa umezoea kuoana wenyewe: Josiah na Sarah, kisha dada ya Charles na kaka ya Emma, kisha wao. Mali ilibaki ndani. Lakini Charles na Emma walizika watoto watatu kati ya kumi, na yeye aliyejua mambo ya uzazi wa mimea na wanyama akaanza kuogopa kama damu ya karibu imewadhuru. Alitaka serikali iulize juu ya ndoa za mabinamu katika hesabu ya wakaaji ya mwaka 1871. Bunge lilikataa. Mtoto wake George akafanya uchunguzi huo mwenyewe.

Kiwanda kilihama Etruria kwenda Barlaston, kuanzia mwaka 1940, kikiwa bado mikononi mwa uzao wa Josiah. Leo wenye mali ni wengine. Josiah alianzisha desturi ya kugonga jina chini ya kila chombo, udongo ukiwa bado laini, mbele ya moto. Mwenye kugeuza sahani yao hata sasa anasoma jina la Wedgwood, jina ambalo Gilbert na akina Thomas walilibeba miaka yote bila mtu wa mbali kulijua.